Jina la Baba kwenye Fomu

Mkuza, Kibaha

Baba,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Tukuyu haijakuzidi na lile goti limetulia. Mama naye, kifua kinaendeleaje? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka, naenda kufundisha. Naandika kwa sababu kwenye simu ungeuliza, "Mbona sauti hiyo?" nami ningesingizia mtandao.

Unalijua lile darasa langu la Jumamosi, la watoto wa kidato cha sita ambao kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Nawafundisha kuchagua kozi na kujaza fomu za mkopo wa serikali, maana bila mkopo chuo watakiona kwenye picha. Mwaka huu kichwa cha darasa alikuwa Mwanahawa, binti wa Kisarawe. Anataka ualimu wa hisabati. Huyo ukimpa swali moja anakurudishia mawili.

Fomu yake nilimsimamia mwenyewe. "Baba yupo?" Akasema, "Yupo." "Ana kazi?" "Mlinzi, ameajiriwa." Nikamwambia ajaze. Nafasi ya chuo akapata, mkopo akakosa.

Kumbe yule mlinzi ni baba yake mdogo! Baba mzazi alifariki Mwanahawa akiwa hajaota meno, na yatima ndio wanaofikiriwa kwanza. Mtoto hakudanganya. Kwake baba ni aliyemlea. Mimi niliyelelewa na wewe, baba mdogo wangu, ndiye niliyepaswa kuuliza swali la pili. Sikuuliza. Nilijiona mjinga, halafu sikuhisi chochote tena.

Tukakata rufaa. Wakataka cheti cha kifo na kiapo, nikaenda na Mwanahawa na baba yake mdogo mahakamani Kisarawe. Mzee wa watu alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Karani akamsomea: mimi si baba mzazi wa mwombaji. Akauliza, "Hilo neno mzazi litasomeka vizuri?" Karani akasema litasomeka. Akasaini polepole, akaifuta kalamu kwa kanzu, akairudisha.

Nje akasema, "Haya mwanangu, twende tukale." Mwanahawa akajibu, "Haya, baba mdogo."

Hajawahi kumwita hivyo maishani. Alidhani sasa ndivyo inavyotakiwa. Mzee akatangulia. Tulikula wali maharage.

Mkopo umetoka juzi. Walimu wenzangu wamenipongeza, wakaninunulia soda, nikanywa yote. Nilitakiwa nifurahi. Moyo umekaa tu, kama ugali uliopoa. Nimemwambia Mwanahawa, nyumbani amwite kama zamani. Ameitikia, "Ndiyo, mwalimu," kama anavyoitikia kila kitu.

Msalimie sana mama, umwambie dawa ya kifua asiikatishe. Bibi mpe shikamoo yangu, na mdogo wangu Ambele aache mpira kidogo, mtihani uko mlangoni. Shangazi naye asinune, kitenge chake nimeshakinunua.

Jana nilifungua sanduku nikatafuta nakala ya fomu yangu mwenyewe ya chuo. Palipoulizwa baba mzazi pameandikwa "marehemu", kwa mwandiko wako. Nakumbuka siku ile ulinituma nikachote maji, niliporudi bahasha ilikuwa imeshafungwa. Hukuniambia kitu, baba, nami sikuacha kukuita baba.

Mwanao,
Tumpe