Kitufe Kilirudi, Nikaibonyezea Barua ya Talaso

Jumapili, baada ya Alasiri. Upepo umeamka na vumbi leo. Nimefunga madirisha ya upande wa barabara na bado nausikia mchanga kwenye meno. Hodan yuko jikoni anachemsha chai ya maziwa. Mimi nimekaa na hii kompyuta mapajani, na moyo wangu haujakaa tangu Jumatano.

Nyinyi mnaonisoma hapa mnanijua. Mimi ni Mama Hodan wa Iftin, hapa Garissa, yule mwenye binti aliyesomea kompyuta, na kama kuna mtu mtaani hajasikia habari hiyo basi amehamia juzi. Shule mimi niliiacha darasa la saba. Kupiga chapa nilijifunza kwa kuangalia vidole vya wengine. Leo nakaa meza ya masjala katika ofisi ya chanjo za mifugo, na barua pepe zote za ofisi zinapita kwangu kwanza: za Banissa, za Hadado, za kila mahali mnyama anapokohoa. Hata ukurasa huu Hodan ndiye alinifungulia, akaniambia, "Hooyo, andika, una maneno mengi." Hooyo kwetu ni mama.

Leo sikuja kujisifu. Naona nimeshaanza. Mnisamehe, ni mazoea.

Mwezi uliopita ofisi yetu ilihamia toleo jipya la programu ya barua pepe. Hodan yuko pale kwa mkataba mfupi, na kazi hiyo ya kuhamisha alipewa yeye peke yake. Kila kitu kilihama salama: barua za zamani, majina, anwani. Kilichobaki nyuma ni kitufe changu chekundu.

Hicho ni kitufe cha kuripoti barua taka. Ukikibonyeza, barua inaondoka mbele yako, inakwenda Nairobi kwa wale wanaochunguza wezi wa mtandaoni, na aliyeituma anafungiwa mlango, haandiki tena. Hodan na wenzake wanakiita add-in, yaani kijiprogramu kinachobandikwa juu ya programu kubwa. Kwangu kilikuwa kama fimbo ya kufukuzia mbwa. Bila hicho nilijiona niko uchi pale mezani, na barua za wezi zinaingia tu, nyingine zinaniambia nimeshinda gari.

Zeinab wa mapokezi hakuniacha. Kila asubuhi: "Mama Hodan, kitufe kimeamka ama bado kimelala?"

Nikamjibu mbele ya watu, "Binti yangu atakiamsha kabla chai yako haijapoa."

Chai ilipoa. Ikapoa siku nne.

Kumbe kitufe cha zamani kilikuwa kimefungwa ndani ya kila kompyuta, na toleo jipya halikitaki kabisa. Linataka kingine, kitumwe na wakubwa wa mfumo walio Nairobi. Hodan akaomba, akangoja, kikatumwa. Kikatokea kwa Zeinab. Kikatokea kwa meneja wetu, Bwana Noor. Kwangu, hakuna. Siku ya nne binti yangu alikaa kwenye kiti changu tangu asubuhi, chakula cha mchana akakila hapo hapo kwa mkono mmoja, mpaka akagundua kwamba sanduku la barua la ofisi nilikuwa nalifungua kupitia akaunti yangu mwenyewe, na kitufe kipya hakikai kwenye sanduku la kuazima. Akalifungua kwa jina la sanduku lenyewe. Akatoka, akaingia tena. Akabonyeza vile vinukta vitatu vya pembeni, na kitufe kikachungulia.

Nilipiga vigelegele ndani ya ofisi ya watu. Bwana Noor alitoka mlangoni kwake akidhani kuna harusi.

Sasa hapa ndipo pa kuandika pole pole.

Kwetu mtu haingii na shida mdomoni. Kwanza mnaulizana amani, watoto, mifugo, mvua imeonekana wapi, ndipo unasema kilichokuleta. Kwa hivyo mimi nilikuwa na kipimo changu: barua isiyosalimu ni ya mwizi. Nilikifundisha ofisi nzima na nilijivunia sana. Hodan alitufundisha vyake pia, kwamba barua inayokuharakisha itilie shaka, na anwani ngeni itilie shaka. Halafu akasema, "Lakini msikate kwa haraka. Ukiwa na wasiwasi niite kwanza." Hayo ya mwisho niliyasikia. Sikuyaweka akilini.

Wote walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nikatafuta barua ya kuonyeshea. Ya juu kabisa ilikuwa na anwani nisiyoijua, nusu yake namba. Ndani haikuwa na salamu hata moja.

"Mbuzi wanahara. Midomo ina vidonda. Nane wamelala hawaamki. Leteni chanjo haraka. Talaso, Hadado."

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, naijua sasa kwa moyo. Siku ile sikufika hata mstari wa pili. Niliona hakuna salamu, jicho likaangukia neno haraka, nikasema kwa sauti ya juu, "Mtazameni huyu, hata adabu hana!" Watu wakacheka. Nikabonyeza. Barua ikatoweka, na Zeinab akapiga makofi.

Mimi ndiye niliyebonyeza.

Jumatano hii iliyopita, wiki mbili baadaye, simu ya ofisi ililia nikaipokea. Mwanamke, Kiswahili chake cha Kiborana. Alinisalimu mpaka nikaona haya. Aliniuliza amani ya nyumba, ya watoto, ya kazi, mvua ya Garissa, afya yangu. Alipomaliza akasema kwa upole, "Mimi ni Talaso wa Hadado. Niliwaandikia. Mbona hamkujibu?" Akanisomea alichoandika, neno kwa neno.

Huyo mama ofisi yetu yenyewe ilimfundisha kutambua magonjwa. Aliyekuwa akituandikia kutoka kule alihama na ngamia wake, yeye akachukua nafasi, ndiyo maana anwani ilikuwa ngeni. Alisema aliandika kwa kidole kimoja, mkono mwingine umeshika mwanambuzi anayekata roho. Aliandika tena mara mbili. Hizo hazikutufika, kwa sababu mlango nilikuwa nimeshamfungia. Zizi lake lilikuwa limejaa. Wamebaki wanne, na mmoja wao amekauka maziwa. Sasa ugonjwa uko kwa majirani.

Nikamwambia nitafuatilia. Neno gani hilo, nitafuatilia.

Bwana Noor aliwatuma watu wa chanjo siku hiyo hiyo, halafu akatuita sote. Alikasirika, na ana haki. "Hii mfumo mpya imekula barua ya watu," akasema, akimtazama Hodan. Sanduku lile tunaliingia watu watatu, na siku ile walicheka tu bila kuisoma barua, kwa hivyo hakuna aliyefikiria mkono wa mtu. Akasema Jumatatu ataandika ripoti kwa wakubwa kwamba kazi ya kuhamisha haikufanywa sawasawa. Na mkataba wa Hodan unaisha mwisho wa mwezi huu. Kila mtu mle ndani alijua maana yake.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kabati la mafaili. Sikufungua mdomo. Mimi, Mama Hodan, ambaye hata kwenye foleni ya maji siwezi kunyamaza!

Alhamisi Hodan alichimba kumbukumbu za mfumo. Jioni tukitoka kazini aliniuliza, bila kunitazama, "Hooyo, ile barua ya Hadado wewe uliiona?"

Nikamwambia, "Sikuiona."

Akasema, "Sawa." Akanichukulia mfuko wangu tukaenda.

Anajua. Kompyuta inaandika kila kitu: saa, siku, meza gani. Na yeye anaikumbuka siku ile, alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Ijumaa Bwana Noor alimuuliza kama amepata kosa liko wapi, nami nilimsikia binti yangu kwa masikio yangu akijibu, "Bado natafuta." Mtoto asiyejua kudanganya tangu utotoni. Nimempeleka chuo kikuu kwa maziwa niliyouza, nimemsifu mpaka majirani wamechoka, na mara ya kwanza alipohitaji mama aseme neno moja, mama akajificha nyuma ya kabati. Niliogopa watacheka. Watasema ndiyo hao wa darasa la saba. Niliogopa kicheko cha Zeinab kuliko mwanangu kukosa mkate.

Tangu Ijumaa nikiswali namuona yule mama na kile kidole kimoja.

Kwa hivyo leo nimefungua barua pepe, nimemwandikia Bwana Noor kabla hajaandika ripoti yake. Mara mbili nilianza na salamu nzuri ndefu, ya heshima, nikauliza hali ya nyumba yake, na kila nikifika mwisho wa salamu nakosa nguvu ya kuendelea. Nikafuta. Nikaandika hivi:

"Barua ya Talaso niliiripoti mimi kuwa taka, siku kitufe kiliporudi. Sikuisoma. Kazi ya Hodan haina kosa, na alitufundisha tumuite tukiwa na wasiwasi. Sikumuita. Tafadhali Talaso afunguliwe mlango leo."

Nilipoisoma tena nikaona haina salamu hata moja.

Nikakaa nikaitazama. Kama ingeingia kwenye sanduku langu kutoka anwani ngeni, ningeibonyezea kitufe na kucheka. Basi hivi ndivyo mtu anavyoandika jambo likiwa limemfika shingoni.

Nimeituma hivyo hivyo, na nakala kwa Hodan. Simu yake imelia jikoni. Halafu amekuja na chupa ya chai, amenimiminia, ameketi karibu yangu mpaka mabega yetu yanagusana. Ameniambia, "Hooyo, ule mlango nilimfungulia tangu Alhamisi." Basi. Nikanywa chai.

Sijui Bwana Noor atasema nini. Pengine meza ile haitakuwa yangu tena, na Zeinab atapata la kusema mpaka mvua zije. Na aseme. Wale mbuzi hawarudi kwa mimi kuona haya.

Asubuhi nitafika kabla ya wote, na simu ya kwanza itakuwa ya Hadado. Nitamsalimu mimi kwanza, nimuulize kila kitu, nimwache naye amalize kuuliza. Halafu nitamwambia kidole kilichobonyeza kilikuwa cha nani.