Mwaloni Unapimwa Kwenye Mfuko wa Koti Lako

Papa Mado,

Wewe ni mtu wa namna gani? Miaka ishirini na saba unauzungushia mwaloni ule kamba, unatia fundo, halafu unakufa bila kuniambia unapimia wapi! Mimi kazi yangu ilikuwa upande wa pili wa shina, kuisukuma kamba juu kwa ufagio mpaka useme basi, huku nikiwaza bukari, ugali wetu, inayopoa mezani. Ungeniambia. Mdomo wa kubishana mpira ulikuwa nao.

Bon. Sikia yaliyotokea.

Wenye jengo walitaka kuukata. Mwaloni wetu, hapa nyuma, unaotia kivuli jikoni kwangu. Wanataka mahali pa magari. Uccle nzima, mtaa wetu huu wa Brussels, imejaa miti, wao wameuona huo tu. Karatasi ikabandikwa mlangoni: mtu wa komini, serikali ya mtaa, atakuja kuupima, ukiwa mnene wa kutosha utaachwa, ukiwa mwembamba unaondoka, na mwenye ushahidi wa umri wake autoe. Nikacheka. Mwembamba! Siku ya Pentekoste, baada ya misa, kama ulivyozoea, nikatoa kamba yako sandukuni, nikaizungusha mwenyewe usawa wa kifua changu.

Ikapita fundo lako la mwisho kwa shubiri nzima. Shubiri, Papa Mado! Na wewe kila mwaka ulikuwa unapata upana wa kidole, tena kidole chembamba. Nikapanda tramu mpaka Matonge, kwa Wakongo wenzetu, nikaingia saluni kwa Maman Bijou, nikawatangazia wote: tangu mume wangu afe mti unanenepa, umejua kwamba sasa wenyewe ndio kichwa cha nyumba. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto wetu Mado peke yake hakucheka. Akaniambia mbele za watu, "Maman, weye uko mufupi. Papa alikuwa murefu. Kule chini muti inavimba."

Alikuwa amesema kweli. Ningempa mtu wa komini fundo la uongo, angeitupa kamba yote, mafundo yako ishirini na saba ndani yake, na mti ungeondoka.

Ndipo nikakumbuka. Ulikuwa unavaa koti la kijivu, la misa, na kamba unaishikilia kwenye mfuko wa kifuani. Madame wa gorofa ya tatu akauliza kama unafanya uchawi, wewe ukamvulia kofia. Mimi nikikuhimiza, unaniambia, "Muti haina haraka, ni weye uko na haraka."

Koti lipo. Ndugu zako walipogawana nguo baada ya matanga, nililificha chini ya godoro nikalilalia. Wakasirike.

Lakini nani alivae? Mwenye kimo chako ni mmoja tu, Floribert, mume wa Mado. Na mkwe ni mkwe. Tangu amuoe mtoto wetu sijampa mkono, sijala naye meza moja, leo nimvike koti la mume wangu? Nikawaza siku mbili. Alors, Mado akampelekea koti. Yeye akasimama upande wa barabara, mimi na ufagio wangu upande wa jikoni, shina katikati. Simuoni, hanioni. Nikaita tu, "Mado, mwambie mume wako kamba iguse mfuko, siyo kitovu!" Kwa unene wa mti ule, heshima yote ya ukwe ilienea nyuma yake na nafasi ikabaki.

Kidole kimoja kupita fundo lako la mwisho. Kidole chembamba tu. Huo ndio mwaka mmoja bila wewe. Nililia, sifichi.

Mtu wa komini akaja na utepe wake. Quatre mètres vingt, mita nne na sentimita ishirini. Halafu akaishika kamba yako, akaipapasa fundo kwa fundo. Akauliza nani alifanya kazi hii. Nikamwambia, mume wangu, alikuwa anaosha mabehewa stesheni ya Gare du Midi, na shule aliiacha mapema kama mimi. Akasema, kwa mwendo huu wa kukua, mti huu ulikuwa umesimama hapa kabla Ubelgiji haijaitwa nchi. Nikamwambia arudie kwa sauti, maana dirisha la gorofa ya tatu lilikuwa wazi. Akarudia. Kila siku sisi tunaulizwa tumefika hapa lini. Sasa na wao waulizwe, na mwaloni.

Karatasi nyingine imebandikwa mlangoni: haukatwi.

Basi lala, Papa Mado. Fundo la ishirini na nane nimelikaza mwenyewe, kwa meno. Kila Pentekoste nitakuwa upande wangu na ufagio, mpaka nije huko tugombane vizuri.

Na wewe Mado, unayenisahihishia barua hii kabla sijaipeleka makaburini: mfuko wa koti umeanza kufumuka. Kesho lipeleke kwa fundi. Aushone palepale ulipo. Akiupandisha hata upana wa uzi, atanijua.