Magunia ya Nta ya Usinge

Tabora,
14 Septemba 1951

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Katarina na watoto, na kwamba mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo imechoka, na aliyeichosha ni wewe.

Kaka, barua tatu kwa mwezi mmoja! Zote zinaniagiza niseme sikujua lolote. Unadhani benki ni baraza la kahawa, mtu akisema sikujua wenzake wanageuza mazungumzo? Mkaguzi alipofungua ghala la tajiri wako Lukumani, hilo unalolitunza wewe, alikuta nta safu ya mbele tu. Magunia yote ya nyuma yalijaa udongo wa kichuguu. Na benki ilimkopesha Lukumani kwa dhamana ya magunia hayo, kwa sababu hati ya ukaguzi ilisema ni nta tupu.

Hati niliiandika mimi. Lakini aliyesimamishwa kazi ni Mzee Abasi, karani mkuu wetu, kwa kuwa ndiye aliyeipitisha. Mtu wa miaka ishirini kazini! Juzi nilimkuta sokoni, akanituliza, eti anajua kijana kama mimi alidanganywa tu. Nilishindwa hata kuagana naye.

Sasa nikuambie usilolijua. Siku ile nilipokuja kukagua, ulipotoka kumkimbiza kuku wa kunikaribisha, nilichoma gunia la nyuma kwa kisu. Udongo ukanimwagikia kiatuni. Nikausukumia chini ya magunia kwa mguu, nikala kuku wako, nikatia sahihi. Niliogopa usije ukafungwa. Kwa hiyo acha kunifundisha kusema sikujua. Nilijua kabla sijanawa mikono.

Leo asubuhi nimemweleza Bwana Meneja yote. Mzee Abasi anarudi kazini Jumatatu. Mimi nimefukuzwa, na nitashtakiwa. Nimesema pia kwamba magunia uliyapanga wewe kwa amri ya Lukumani. Nisingeweza kusema nusu. Askari watakuja Usinge kwa treni ya Jumanne. Nakuomba usikimbilie porini. Wangoje, uwaeleze Lukumani alikuahidi nini.

Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Nimeshajikasirikia vya kutosha. Nisalimie Shemeji, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Mama mwambie mwenyewe, kabla askari hawajashuka stesheni.

Mimi mdogo wako,
Alois