Ukitolewa, Nyamaza

3 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, na baba mzima ila goti, nalo goti lake unalijua, huuma pale tu mlango wetu wa jikoni unapotaka kutengenezwa. Milango ya watu wengine anaitengeneza vizuri tu huko karakana. Wewe je? Mashuka ya hoteli hayajakumaliza mikono?

Nimekuandikia barua pepe kwa sababu nikikugombeza kwa simu unakata. Jana ulipotolewa kwenye mchezo wetu wa mtandaoni uliendelea kuropoka, "Kushoto! Kushoto!" Kushoto kwa nani? Wenzako walikuwa bado hai, wakageuka wote kama kuku, na Pilipili wa timu yetu akaanza kucheka. Mechi ilikuwa mkononi tukaipoteza. Basi kuanzia leo kanuni ni hii: ukitolewa, unanyamaza mpaka mechi iishe. Huulizi, huelekezi, hukohoi. Mimi nahodha wenu nitakuwa wa kwanza kuitii. Unajua nikitolewa huwa navua visikilizio nakwenda kunawa uso.

Tumebakiza ngazi moja kufika Kilele, juu kabisa ya mchezo. Najua baba anaona ni upuuzi. Lakini dada, hapa mtaani mimi ni yule aliyeanguka mbele ya darasa akajikojolea. Dukani kwenyewe ninakofanya kazi natoa fotokopi tu, mashine ya kukatia karatasi siruhusiwi kuigusa. Kwenye mchezo watu wasionijua wananiita nahodha na wananisikiliza. Kwa hiyo nakuomba tena, Pilipili na wenzake wasijue habari za kifafa. Chunga mdomo wako, maana nao haujambo.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nami sijambo, mikono imebabuka kwa sabuni lakini bado inatosha kukuokoa wewe ukiingia vitani kichwa kichwa. Mwambie baba nimemwonea huruma goti.

Kanuni yako nimeikubali, ingawa umenionea. Siri yako pia ninayo. Ila baba ameniambia kwenye simu kwamba kopo lako la vidonge limekaa pale pale, halipungui. Anasema ukimuuliza unamjibu "nimeshameza" bila hata kumtazama. Mimi usinijibu hivyo. Unameza au humezi?

Kucheza nawe ndiyo furaha yangu ya wiki nzima. Huku nalala chumba kimoja na wanawake nisiowajua hata majina ya watoto wao, na ukisema "dada, nifuate" nasahau kabisa niko wapi. Nataka Kilele kama wewe. Lakini nakutaka wewe zaidi, mjinga wewe. Nijibu.

Dada yako

19 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Sote wazima, na mlango wa jikoni sasa umeng'oka kabisa, tumeuegemeza ukutani, baba anasema atauona.

Sitakudanganya. Cha jioni nameza. Cha asubuhi nakiacha, kwa sababu kinanilegeza. Naona adui anakuja, nakiambia kidole bonyeza, kidole kinabonyeza nikiwa nimeshatolewa. Huwezi kufika Kilele na mikono ya uji. Nimeanguka mara moja tu tangu tuandikiane, nilikuwa kitandani, sikuumia. Baba hajui, na wewe usimwambie.

Jumapili mchana ndiyo mechi ya kupanda, na msimu unafungwa siku hiyo hiyo. Baba atakuwa karakana, kwa hiyo nyumba itakuwa kimya, hakuna wa kunigongea nyundo. Tukishapanda nitameza vidonge vyako vyote, na kopo nitalitafuna. Jumapili tu, dada. Usinikatalie.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo umeipandisha juu.

Nimeandika barua ya kukukatalia, nikaifuta. Nikaandika ya kumwambia baba, nayo nikaifuta. Ungeninunia mwaka mzima, nakujua. Haya. Mpaka Jumapili, basi. Jumatatu asubuhi ukimeza, nipigie nisikie unavyogugumia maji. Usipopiga naomba ruhusa kazini, nakuja kukushindilia mwenyewe.

Dada yako

23 Juni, Jumapili

Nahodha!

Salamu baadaye. Tumefika! TUMEFIKA KILELENI!

Umeona mwisho wake, au ulishakimbilia kunawa uso? Mimi walinitoa mapema, nikabana mdomo kama ulivyoagiza. Nikakuona umesimama katikati ya daraja, mbele huendi, nyuma hurudi, mpaka wakakutoa. Nikasikia kishindo huko kwako, nikasema huyo kapiga kiti teke. Nilitaka kukuuliza una nini, nikaikumbuka kanuni yako, nikanyamaza. Baadaye Pilipili na wenzake wawili wakafanya maajabu. Tulipiga kelele mpaka wanawake wa chumbani kwangu wakaja kuangalia nani kafiwa. Wewe tu kimya. Pilipili anasema nahodha amenuna kwa sababu tumeshinda bila yeye.

Acha kununa. Ni wewe uliyetufikisha. Njoo mtandaoni uone jina lako lilivyong'aa, halafu kesho kidonge.

Dada yako mwenye furaha

14 Julai

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali.

Nakuandikia nikiwa mezani kwako. Barua yangu ya Jumapili nimeikuta humu kwenye kompyuta yako, haijafunguliwa. Sikuifungua mimi pia.

Baba alikukuta jioni aliporudi, umelala kifudifudi kati ya kiti na ukuta, uso kwenye zulia. Daktari alisema kama angekuwepo mtu wa kukugeuza ubavu, labda. Karakana iko ng'ambo ya barabara, nawe unajua. Ningempigia baba, angevuka hata na goti lile. Nilisikia ukianguka na nikakaa kimya, nikingoja mechi iishe. Nakukasirikia kwa kanuni yako, najikasirikia kwa kuitii, na hasira zote hazinisaidii chochote.

Baba ameutengeneza mlango wa jikoni. Aliutengeneza siku ya pili yake, watu wakiwa bado wamejaa uani, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Nimewaambia wenzetu kuhusu kifafa. Nisamehe. Pilipili alilia, kisha akaniuliza, "Kwani tungemcheka?" Wamekataa kuchagua nahodha mwingine. Kanuni yako wameifuta wao wenyewe. Sasa ukitolewa lazima useme kitu, hata upuuzi, na usiposema mechi inaachwa na unapigiwa simu.

Jana nilicheza nao kwa mara ya kwanza tangu siku ile, hapa hapa, na visikilizio vyako. Walinitoa mapema. Nikasema, "Kushoto." Nikaendelea, kushoto, kushoto, angalieni kushoto, mpaka sauti ikanikauka. Tukashindwa vibaya. Nilikuwa nangoja mtu aniambie ninyamaze.

Hakuna aliyeniambia.

Dada yako