Cheni Mkononi, Mama Kwenye Usukani

Shemeji uko wapi? Pokea simu! Usipopokea leo utanizika.

Naandika kwa kidole gumba cha kushoto. Mkono wa kulia uko ndani ya injini ya gari la mama yako, umeshika cheni. Nikiiachia tu inadumbukia chini, na hapo ni kushusha injini nzima.

Ndiyo, nafunga zile kemshafti mpya za kuongeza mbio, vile vyuma vinavyozungushwa na cheni hii. Najua ulinikataza. Bomba jipya la hewa lilikaa vizuri, nikavimba kichwa kwa sifa, nikafungua na kemshafti za zamani. Nikasahau kuifunga cheni kwa waya. Waya wenyewe uko pale mezani, naukodolea macho.

Sasa sikia. Mama yako katokea uani bila hodi! Yeye anajua nabadilisha oili. Oili tu! Kanyoosha mkono anisalimie, mimi nimeinama kama kuku anayetaka kutaga, nikampa shikamoo ya mdomo.

"Umemaliza, mwanangu?"

Nikasema nimemaliza. Shemeji, NIMEMALIZA! Sijui ulimi uliteleza vipi.

"Basi ngoja niliwashe, nisikie linavyonguruma."

Kaingia garini. Kakaa kwenye usukani. Ufunguo wa akiba anao kwenye mkoba, na betri sijaitoa waya. Vidole vyangu viko kwenye cheni!

Nikapiga yowe: "Mama, usiwashe!"

Kachungulia dirishani, ufunguo mkononi, ananitazama mpaka sasa hivi ninapokuandikia.

"Kwani si umesema umemaliza?"

Shemeji, nimjibu nini?