Adèle na apareyi mbili ku misa

Valérie uko wapi?? Acha kila kitu usome. Adèle yetu ametupatisha haya ku misa ya mangaribi. Mbele ya Padiri Ignace!!

Unajua anatafuta apareyi ya kupigia picha za mandoa. Vendeur wa duka alimuachia mbili, ajaribu mu kanisa kwenye iko giza, kisha achague moja.

Ya kwanza iko na zoom murefu. Kutoka ku kiti ya nyuma alivuta sura ya Padiri mpaka karibu, lakini picha ilitoka nyeusi kama makala ya jiko.

Ya pili inaona mu giza kama paka, lakini zoom yake mufupi. Njo maana Adèle anasogea mbele. Anasogea tena. Jicho iko tu mu apareyi, haoni kama ameingia mu mulolongo ya komunio!!

Padiri ananyanyua ostia: "Mwili wa Kristo."
Adèle: "Usitikisike!"

VALÉRIE. Usitikisike!! Kwa Padiri!

Na Padiri hakutikisika!! Adèle akapiga picha. Mi nilijificha chini ya kiti.

Kisha misa kuisha, Padiri anamuita. Padiri anaangalia picha, anaangalia tena.

"Maman, iko muzuri. Lakini nimefumba macho. Dimanche ku misa urudi na apareyi hii hii, turudilie picha."