Kumi Kabla ya Tisa

Rooty Hill, Jumanne, Julai 2021

Leo nilikijaribu kiunganishi, ile programu inayopanga vipande vya msimbo wa mashine yetu mpya ya oksijeni. Kilivipanga kialfabeti, kwa hiyo kipande "10" kikatangulia "9". Kipande cha kengele ya hatari kikaanza kazi kabla ya cha kipima hewa, kengele ikawa haina kipimo cha kusoma. Nilipopunguza oksijeni, kengele haikulia.

Nikampigia bosi.

"Mashine zinaondoka kesho, Nekesa. Hospitali zimejaa."

"Zisiondoke."

Akasema sawa, turekebishe kwanza. Nilishaogopa atanifukuza, na viza yangu ya kazi huku ugenini iishe papo hapo.

Jioni nesi amenipigia kutoka wodi ya korona, ambako sisi jamaa za wagonjwa haturuhusiwi kuingia. Mume wangu, aliyelazwa humo, amewekewa mashine ya kampuni yetu, ya toleo la zamani.

Ile sijui nani aliijaribu.